Ulisema "dawa ya nywele", mfumo ukasikia "dawa": Jinsi ya kurekebisha duka lako la vipodozi likiwekwa kwenye bidhaa za afya

Alhamisi asubuhi, saa nne hivi. Dada mmoja wa Kangemi anayeuza losheni, shampuu na mafuta ya nywele mtandaoni ameshapata oda tatu. Moja ni ya Lavington, moja ni ya Uthiru, na ya tatu ni ya mteja aliyeko Doha anayemnunulia mamake zawadi. Anawatumia linki ya malipo kama kawaida. Dakika mbili baadaye mteja wa Doha anarudi: "Dada, hii linki yako inakataa."

Anaijaribu mwenyewe. Inakataa. Kisha ujumbe unaingia: malipo yake ya mtandaoni yamesimamishwa kwa muda kwa sababu anauza bidhaa za afya, na anatakiwa kuleta leseni ya duka la dawa.

Duka la dawa? Yeye hauzi hata Panadol.

Mauzo ya wiki nzima, shilingi 38,400, yamekwama. Kesho ilikuwa siku ya kushuka mjini, Dubois Road, kuongeza stoku, na wauzaji wa jumla wa huko hawataki stori. Wanataka pesa.

Dada huyu ni mfano tuliouunda sisi, lakini kama unauza vipodozi mtandaoni, pengine umejiona ndani yake. Leo tunaeleza kwa nini jambo hili hutokea, karatasi gani za kutafuta, na jinsi ya kutuandikia ili faili lako lisizunguke. Pia tutagusa swali ambalo wauzaji wengi hawapendi kuulizwa: je, kama mfumo haukukosea?

Tatizo linaanza na neno moja

Kiswahili chetu kina neno linalofanya kazi nyingi sana: dawa. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, na dawa ya nywele. Ukiingia saluni yoyote Kawangware useme, "Nataka kuweka dawa," hakuna atakayekuuliza unaumwa wapi. Utaonyeshwa kiti, utawekewa taulo mabegani, na nywele zitalainishwa.

Kompyuta haijawahi kukaa saluni. Unapofungua akaunti ya biashara, unapoandika maelezo ya bidhaa au unapotengeneza linki ya malipo, programu husoma maneno na kujaribu kukuweka kwenye kundi. Ikikutana na "dawa ya nywele", "tiba ya ngozi" na "inaponya chunusi" kwenye ukurasa mmoja, haikuoni wewe na losheni zako. Inaona famasia isiyo na leseni.

Jina la biashara nalo huchangia. Wengi wetu tunapenda majina yenye uzito: Afya hii, Herbal ile, Skin Clinic, Tiba Asili. Kwenye bango la Waiyaki Way jina kama hilo linavutia. Kwenye mfumo, linakusukuma upande wa hospitali kabla hujaweka bidhaa hata moja.

Kuna chanzo cha tatu ambacho si kosa la mtu wa hapa. Programu nyingi za kuainisha bidhaa zimetengenezwa nje, na nchi hazikubaliani juu ya mpaka wa dawa na kipodozi. Marekani, kwa mfano, mafuta ya kuzuia jua, shampuu za mba na dawa ya meno yenye floraidi huhesabiwa kuwa dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari. Huku kwetu, viwango vya Afrika Mashariki vinavyotumiwa na KEBS vinaweka vichujio vya miale ya jua ndani ya kiwango cha vipodozi. Kwa hiyo chupa moja ya mafuta ya jua inaweza kuwa kipodozi Westlands na dawa Washington, nayo programu ikasoma kwa macho ya Washington.

Namba nne zinazoamua hatima yako

Kila biashara inayopokea malipo ya mtandaoni, hasa ya kadi, hupewa namba ya tarakimu nne inayoeleza inauza nini. Namba hizi zinafuata kiwango cha kimataifa, ISO 18245, na hutumika duniani kote. Nyingi ya zinazokuhusu ni hizi:

- 5977: maduka ya vipodozi
- 7230: saluni na vinyozi
- 5912: maduka ya dawa
- 5122: dawa kwa jumla

Ukiwa 5977, maisha ni ya kawaida. Ukiwekwa 5912 au 5122 na unauza kwa linki bila mteja kusimama mbele yako, mambo yanabadilika. Kampuni za kadi za kimataifa zinaiweka biashara ya dawa mtandaoni kwenye orodha ya biashara zenye hatari kubwa, kwa sababu dawa bandia na dawa zisizo na kibali zimeuzwa sana kwa njia hiyo. Muuzaji wa kundi hilo hudaiwa leseni na ukaguzi wa ziada kabla ya kuendelea. Leseni isipoonekana, linki inasimama.

Ndiyo maana dada wa Kangemi aliona kama amepigwa ghafla. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaamua kwamba yeye ni mwuza dawa. Namba nne zilibadilika, na sheria za kundi jipya zikamfuata. Na tuseme ukweli: sisi pia tuna fungu letu kwenye kosa la aina hii. Mfumo wetu husoma haraka kuliko unavyoelewa. Kazi ya kusoma polepole ni ya watu wetu, na makala haya yanakuonyesha jinsi ya kuifikisha kesi yako mbele yao ikiwa imekamilika.

Kosa kama hili linaweza pia kukupata kwenye sehemu nyingine mbili. Ya kwanza ni katalogi. Sera za biashara za Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, haziruhusu kuuza dawa kupitia katalogi, kwa hiyo losheni ikidhaniwa kuwa dawa huondolewa. Ya pili ni upande wa ushuru. Ukitoa ankara kupitia eTIMS ya KRA, kila bidhaa unaisajili kwa namba ya aina yake. Namba zinazoanza na 51 ni za dawa. Zinazoanza na 53 zinahusu mavazi pamoja na bidhaa za mwili na urembo. Ukibonyeza ya 51 kwa haraka, umejiandika mwenyewe kuwa mwuza dawa, na hesabu yako ya VAT inaweza kuharibika, maana dawa nyingi zina utaratibu wake tofauti na ile asilimia 16 ya kawaida.

Kipodozi ni kipi, dawa ni ipi?

Fikiria Arimis. Kila nyumba Kenya inayajua mafuta hayo. Yalitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua. Lakini ni watoto wangapi wameenda shule wakiwa wanang'aa kwa Arimis? Mafuta yenyewe hayakujigeuza. Kilichobadilika ni matumizi, na maneno ambayo watu wanayatumia kuyaelezea.

Kwa ujumla, bidhaa hupimwa kwa mambo mawili: ina nini ndani, na inaahidi nini. Kipodozi ni kitu cha kupaka au kuoshea nje ya mwili ili kusafisha, kunukisha, kulinda, kulainisha au kubadilisha muonekano. Dawa ni ile inayosema itatibu, itazuia au itatambua ugonjwa, au iliyo na kiungo chenye nguvu ya kubadilisha jinsi mwili unavyofanya kazi.

Hata forodha inatumia fikra inayokaribiana na hii. Kwenye orodha ya kimataifa ya bidhaa ambayo KRA huitumia, sura ya 30 ni ya dawa na sura ya 33 ina vipodozi: namba 3304 ni ya urembo na utunzaji wa ngozi, 3305 ni ya nywele. Na sura ya 30 yenyewe inasema wazi kwamba bidhaa za kuanzia 3303 hadi 3307 hazihamii kwenye dawa hata zikiwa na uwezo fulani wa kutibu au kukinga. Kama unaagiza mzigo kutoka Dubai au Guangzhou, hati zako za forodha zenye namba ya sura ya 33 ni silaha nzuri sana kwenye kesi yako. Lakini kumbuka upanga huu unakata kuwili: vipodozi vya 3303, 3304, 3305 na 3307 hulipiwa ushuru wa bidhaa. Mtu akiviita dawa bandarini kisha akaviita vipodozi mtandaoni, karatasi zake zitamshtaki zenyewe.

Kwa muuzaji mdogo, tatizo kubwa huwa kwenye ahadi. Hebu soma mazungumzo haya, ambayo hayana tofauti na yale yaliyo kwenye simu nyingi:

"Sasa dada, hii inamaliza chunusi?"

"Inamaliza kabisa dear, siku saba tu."

Hapo umeandika tangazo la tiba bila kujua. Na ukichukua picha ya mazungumzo hayo ukaiposti kama ushuhuda, umelitundika hadharani.

Kabla ya kukata rufaa, jiulize: mfumo umekosea kweli?

Hapa tunaomba uwe mkweli kwa nafsi yako, kwa sababu upande wa pili wa simu kuna mtu atakayepaka hicho kitu usoni.

Kenya, vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au dawa za homoni kama steroidi vimepigwa marufuku na KEBS. Krimu za kung'arisha ngozi ndizo zinazokamatwa zaidi kwa makosa haya. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka naye yumo hatarini. Haidrokwinoni ikitumiwa ovyo inaweza kuacha madoa meusi zaidi ya yale uliyotaka kuyatoa. Steroidi kali hufanya ngozi iwe nyembamba, na ukiacha ghafla inaweza kulipuka kwa wekundu na vipele.

Kwa hiyo chukua kila chupa, igeuze, usome viungo. Kisha uiweke kwenye fungu moja kati ya matatu:

Fungu la kwanza: vipodozi kamili. Losheni, mafuta ya mwili, shampuu za kawaida, sabuni, vipodozi vya uso. Hivi ndivyo unavyoweza kuvitetea.

Fungu la pili: dawa, hata kama zimevaa nguo za vipodozi. Shampuu yenye ketokonazo, krimu yenye betamethasoni au klobetaso, krimu ya fangasi. Hizi ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, PPB, na ni za kuuzwa na wenye leseni. Ziondoe kwenye duka lako leo. Kubadilisha maelezo hakutazigeuza kuwa losheni. Kutakugeuza wewe kuwa mtu aliyeficha dawa.

Fungu la tatu: bidhaa za mpakani. Krimu inayojiita ya kitabibu, mafuta ya mitishamba yanayodai kutuliza ugonjwa, vidonge vya "ngozi na kucha". PPB ina utaratibu wake kwa bidhaa za mpakani. Usikisie. Andika barua pepe au fika ofisi zao Lenana Road, upande wa Kilimani, ukiwa na chupa na orodha ya viungo, uulize kwa maandishi. Jibu lao la maandishi lina uzito kuliko maelezo yako ya kurasa kumi.

Kama chupa haina orodha ya viungo kabisa, au lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine, usiitetee. Irudishe kwa aliyekuuzia.

Hatua za kurekebisha

Umejihakikishia kwamba unauza vipodozi tu? Basi tuanze kazi. Fuata mpangilio huu. Ukiruka hatua, faili hurudi.

1. Hifadhi ujumbe uliopokea. Piga picha ya skrini yenye tarehe, sababu iliyotolewa na nambari ya kesi. Usiufute kwa hasira.

2. Usifute bidhaa zako zote. Wengi wakiogopa hufuta duka zima. Sasa mkaguzi akifungua anakuta ukurasa mtupu, na hana cha kukupatia haki nacho. Toa tu zile za fungu la pili na la tatu.

3. Thibitisha alama ya ubora. Bidhaa iliyotengenezwa Kenya inatakiwa kuwa na alama ya KEBS yenye nambari ya kibali chini yake. Tuma SMS yenye herufi SM, alama ya reli (#), kisha nambari hiyo, kwenda 20023. Utajibiwa kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Jina likiwa tofauti na la chupa, hiyo bidhaa si ya kuuza. Kwa bidhaa za kutoka nje, tafuta stika ya KEBS ya bidhaa zilizoagizwa. Piga picha ya majibu na ya alama yenyewe.

4. Piga picha za lebo, mbele na nyuma. Viungo, mtengenezaji, nambari ya bechi na tarehe ya mwisho vionekane. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vipodozi, EAS 346, ndicho kinachodai maelezo hayo, kwa hiyo lebo iliyokamilika inajisemea.

5. Kusanya karatasi za biashara. Cheti cha usajili wa jina la biashara, leseni ya kaunti na PIN ya KRA. Angalia sehemu ya aina ya biashara. Kama leseni inasema "chemist" kwa sababu uliirithi kutoka kwa mwenye duka wa zamani, rekebisha hiyo kwanza. Vilevile weka risiti za stoku. Ukinunua Dubois Road au River Road, omba risiti yenye jina la duka na la bidhaa, si kikaratasi kilichoandikwa "mzigo".

6. Safisha maneno. Tumekuwekea mifano hapa chini. Hifadhi picha za maelezo ya zamani na ya mapya. Tunapenda kuona ulichobadilisha.

7. Tuandikie ujumbe mmoja ulio kamili. Tuma kupitia sehemu ya msaada ndani ya programu yetu, si kwenye maoni ya Facebook. Unaweza kufuata huu:

"Habari. Jina la biashara yangu ni (jina), nambari ya till ni (nambari), nambari ya kesi ni (nambari). Malipo yangu ya mtandaoni yalisimamishwa tarehe (tarehe) kwa sababu ya bidhaa za afya. Nauza vipodozi vya ngozi na nywele pekee, siuzi dawa. Naomba biashara yangu ihamishwe kutoka kundi la maduka ya dawa kwenda kundi la maduka ya vipodozi, 5977. Nimeambatisha: orodha ya bidhaa, picha za lebo, majibu ya SMS ya KEBS, leseni ya kaunti na risiti za stoku. Nimeondoa bidhaa zifuatazo: (orodha). Naomba pia kujua lini pesa zilizozuiwa zitaachiliwa."

Ujumbe huu unaomba jambo moja mahususi. "Nifungulieni akaunti, nateseka" tunauelewa, na kwa kweli unatuuma, lakini haumwambii mkaguzi abadilishe nini.

Kama kosa liko kwenye katalogi ya WhatsApp Business, fungua bidhaa iliyokataliwa na uombe ikaguliwe upya hapo hapo, baada ya kurekebisha maelezo. Ukiomba kabla ya kurekebisha, utajibiwa vilevile. Na kama kosa ni la eTIMS, sajili bidhaa upya kwa namba sahihi. Kwa ankara zilizokwisha kutoka, muulize mhasibu wako au KRA namna ya kuzisahihisha.

Maneno ya kuacha, maneno ya kutumia

Usiandike "Inatibu chunusi siku saba." Andika "Husafisha ngozi yenye mafuta na kuiacha laini."

Usiandike "Dawa ya mba." Andika "Shampuu ya kusafisha ngozi ya kichwa na kuondoa magamba meupe."

Usiandike "Inaponya ukurutu." Andika "Losheni nzito kwa ngozi kavu."

Usiandike "Inaotesha nywele palipo na upara." Andika "Mafuta ya kulainisha nywele na kupunguza kukatika wakati wa kuchana."

Usiandike "Inamaliza maumivu ya misuli." Andika "Mafuta ya kukanda mwili yenye harufu ya mkaratusi."

Usiandike "Dawa ya nywele." Andika "Krimu ya kulainisha nywele."

Sharti ni moja: maneno mapya lazima yawe ya kweli. Hatukufundishi kumficha nyoka kwenye gunia. Kama bidhaa haina cha kusema ila kutibu, basi hiyo si ya duka la vipodozi.

Picha nazo zinasema. Msalaba mwekundu, koti jeupe la daktari na sindano viache. Zile picha za "kabla na baada" pia ziangalie mara mbili. Mbali na kuahidi tiba, uso wa mteja ni wake. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, unahitaji ridhaa yake kabla ya kuutumia kutangaza.

Wakati unasubiri

Simamisha oda ambazo huwezi kuzitimiza na uwaambie wateja ukweli: "Linki inakaguliwa, nitakujulisha." Mteja mwema husubiri, mteja aliyedanganywa hulalamika, na malalamiko huingia kwenye faili lako.

Usikimbilie till ya shemeji au ya rafiki wa saluni jirani. Tunajua ndiyo njia rahisi. Lakini mauzo yako yataonekana kuwa yake, kodi itamfuata yeye, na mfumo ukigundua unaweza kusimamisha biashara mbili badala ya moja.

Jihadhari pia na matapeli. Mtu akishalalamika hadharani kwamba akaunti yake imefungwa, simu huanza kuingia: "Mimi ni afisa wa kitengo cha biashara, tuma elfu mbili nikufungulie." Hatutozi ada ya kufungua akaunti. Hatutakuuliza PIN, wala nambari ya siri ya mara moja inayokuja kwa SMS. Anayeuliza si sisi. Kata simu.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

*Nachanganya mafuta yangu mwenyewe jikoni. Je, ni sawa?* Kuchanganya ya kujipaka nyumbani ni jambo lako. Ukiuza, wewe ni mtengenezaji, na bidhaa inahitaji kibali cha KEBS. Anza na bidhaa moja inayouzika zaidi, uipitishe, kisha uongeze nyingine. Bila kibali hatuwezi kuitetea rufaa yako hata mafuta yawe mazuri namna gani.

*Nauza losheni na vitamini pamoja. Nitakuwa kundi gani?* Bidhaa moja ya kumezwa inaweza kulivuta duka zima upande wa afya. Kama vitamini ni sehemu ndogo ya mauzo, ziondoe kwenye linki hadi upate mwongozo wa PPB. Kama ni sehemu kubwa, biashara yako ni ya aina mbili. Tuambie hivyo tangu mwanzo.

*Ni mtu wa saluni anayeuza bidhaa pia. Mimi ni nani?* Angalia pesa nyingi zinatoka wapi. Huduma ikizidi, 7230. Chupa zikizidi, 5977.

*Nikikataliwa tena?* Omba sababu kwa maandishi, na uulize ni bidhaa gani hasa iliyozuia. Mara nyingi ni moja tu. Iondoe, tuma upya.

Dada wa Kangemi alimalizaje?

Tumalizie mfano wetu. Aligeuza chupa zake ishirini na mbili juu ya kitanda. Kumi na tisa zilikuwa vipodozi visivyo na shaka. Mbili zilikuwa shampuu zenye ketokonazo, ambazo aliziita "za mba" bila kujua zina dawa. Ya mwisho ilikuwa krimu ya kung'arisha isiyo na orodha ya viungo, na ndiyo iliyokuwa ikiuzika kuliko zote.

Hiyo ndiyo iliyomuuma. Alikuwa na kumi na mbili za krimu hiyo ndani ya katoni, zimeshalipiwa. Lakini alikumbuka kwamba mteja wake mmoja wa Uthiru ana mimba ya miezi mitano, na alikuwa ameomba mbili.

Alizirudisha Dubois. Muuzaji alinung'unika, akampa nusu ya pesa. Kisha akaandika ujumbe wake, akaambatisha picha, akaomba 5977. Mkaguzi alikuwa na kila alichohitaji, na hakuwa na sababu ya kumzuia.

Kwenye rufaa, faili kama hilo ndilo linalosimama. Kwa hiyo usiku wa leo, kabla linki yako haijakataa, toa chupa zako moja moja, uzigeuze, usome. Utajua unauza nini kabla mfumo haujakuambia, na kabla mteja hajajipaka.